Seva ya Kwanza Ilibandikwa Karatasi ya "Msizime": Safari Kutoka Geneva Mpaka Bunda

Mdau, picha zako ziko wapi? Wengi watasema "kwenye wingu". Wingu ni jina tu. Zipo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mbali huko. Siku ukipoteza nywila au kampuni ikibadili masharti, picha za marehemu bibi ndo basi tena. Ndiyo maana kuna watu wanaweka seva yao nyumbani. Na hii kitu haijawahi kuwa ya maprofesa peke yao.

Mwishoni mwa 1990, pale CERN karibu na Geneva, Mwingereza mmoja aligeuza kompyuta ya mezani kwake kuwa seva ya kwanza ya wavuti duniani. Haikuwa na jumba lake wala mlinzi. Akabandika karatasi yenye wino mwekundu kuwaomba wenzake wasiizime. Mtu angezima swichi, wavuti yote ingezimika!

1991, mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki akaanza kuunda Linux. Hakujifanya mjuaji, aliwauliza watu wangependa iwe na nini, halafu akaiachia bure. Leo seva nyingi duniani zinaendeshwa nayo, na ndiyo iko ndani ya simu yako ya Android.

Sasa tuje nyumbani Mara. Miaka ya 2000, kwenye mradi wa ICT4RD, watu wa COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Stockholm waliona kitu ambacho wengi walikuwa wanapita chini yake kila siku: mkongo wa TANESCO uliofuata njia ya umeme. Wakautumia kuunganisha shule, hospitali na ofisi za serikali wilaya za Bunda na Serengeti. Mugeta iko Bunda hiyo hiyo. Wanafunzi nao walishika kazi humo, wakajifunza huku wanafanya. Adui yao mkubwa? Umeme kukatika. Unamjua huyo.

2012 ikaja Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa kwa dola 35. Lakini hata hiyo si lazima. Laptopu ya zamani iliyopasuka kioo inatosha, na kama betri bado nzima, umeme ukikatika haizimi papo hapo. Weka Linux, kisha Nextcloud ya picha, au Jellyfin ya muvi, au Kiwix usome Wikipedia bila intaneti. Unganisha na ruta ya nyumbani, simu zote za humo ndani zitaifikia bila kula bando.

Anza na kitu kimoja. Usiifungulie dunia nzima kabla hujajua kuilinda. Na weka kopi ya pili kwenye diski nyingine, maana diski hufa bila kuaga.

Na nyie mliotangulia, dogo akiuliza "seva ni nini?" msimcheke. Bila watu kuelekezana, laptopu ya kioo kilichopasuka itaishia kwa muuza skrepa, na picha za bibi zitabaki kwa mtu asiyemjua.

Wewe ungeanza na nini: picha, muvi au vitabu?