Mantiki: Deduksheni na Induksheni kwa Wanafunzi wa Sekondari

Mantiki ni tawi la falsafa linalochunguza namna akili inavyotoka katika yale inayoyajua na kuyafikia yale ambayo bado haijayajua. Swali lake la kwanza ni kama hitimisho lina haki ya kusimama juu ya maneno yaliyolitangulia, yaani vitangulizi vyake. Aristotle, Mgiriki aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, ndiye aliyeupangia ulimwengu wa Magharibi somo hili kwa utaratibu, na katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino akalifanya chombo cha teolojia. Hata leo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 250, inaagiza kwamba katika miaka sita ya masomo ya upadre, miwili kamili iwe ya falsafa.

Katika shule zetu za sekondari falsafa haisimami kama somo la peke yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa vidato vya juu ameikuta mantiki ndani ya Hisabati ya Juu, pamoja na majedwali yake ya ukweli, na kuigusa falsafa kidogo katika Maarifa ya Jumla. Hayo si haba, lakini jedwali la ukweli likikaririwa bila mfano wa maisha husahaulika siku ya pili baada ya mtihani.

Deduksheni ni hoja ambayo, vitangulizi vyake vikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Tuchukue mfano wa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, ambako Wakatoliki na Waanglikana wameishi na kuoana kwa muda mrefu. Aliyebatizwa kihalali habatizwi tena. Mtu huyu alibatizwa kihalali katika Kanisa la Anglikana kule Liuli. Kwa hiyo, akiomba kupokelewa katika Kanisa Katoliki, habatizwi tena. Muundo wa hoja hii hauna ufa. Anayetaka kuipinga hana budi kugusa kitangulizi kimojawapo, na ndiyo maana paroko huulizia cheti cha ubatizo badala ya kubishana juu ya hitimisho.

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba deduksheni hutoka katika jumla kwenda katika moja, na induksheni hutoka katika moja kwenda katika jumla. Kanuni hiyo inasaidia kuanza, lakini haitoshi. Mitumbwi mitatu ilitoka Mbamba Bay jioni. Miwili tu imerudi. Kwa hiyo mmoja haujarudi. Hapa hakuna kanuni yoyote ya jumla, na hata hivyo hitimisho ni la lazima. Kinachotofautisha hoja hizi mbili ni nguvu ya kamba inayofunga vitangulizi na hitimisho.

Katika induksheni kamba hiyo ni ya uwezekano. Mnunuzi wa kahawa huchota konzi ya buni kutoka kwenye gunia na kulihukumu gunia zima. Akichota juu tu, hukumu yake ni dhaifu. Akichota juu, katikati na chini, imepata nguvu, ingawa punje mbovu bado zaweza kujificha. Kwa sababu hiyo hiyo watafiti wa kahawa hawatangazi kwamba aina fulani ya mche inastahimili chulebuni kwa kuuona mche mmoja uliopona katika shamba moja. Huijaribu mahali pengi, kwa misimu mingi, kando ya aina ya zamani ili pawe na cha kulinganishia.

Tuonye hapa juu ya mikanganyiko miwili. Induksheni ya kihisabati, licha ya jina lake, ni deduksheni, maana hitimisho lake ni la lazima. Nazo njia tano za Mtakatifu Thoma za kuonyesha kwamba Mungu yupo huanza na vitu vinavyoonekana, lakini zinavyoendelea ni kwa deduksheni.

Kosa linaloumiza zaidi vijijini lina sura ya kawaida sana. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto Ruhuhu hujaa. Ruhuhu umejaa. Kwa hiyo mvua imenyesha milimani. Hoja hii si deduksheni halali, lakini kama induksheni ni nzuri, kwa kuwa sababu nyingine za mto ule kujaa ni chache. Sasa tuweke maneno mengine katika muundo ule ule. Aliye mchawi hugombana na majirani. Bibi huyu amegombana na jirani yake. Kwa hiyo ni mchawi. Kitangulizi cha kwanza hakijathibitishwa na mtu yeyote, na sababu za watu kugombana, kama mpaka wa shamba, mbuzi au deni, hazina idadi.

Mara nyingi watu huongeza kwamba baada ya ugomvi ule mtoto alikufa. Kitu kufuata kingine si ushahidi kwamba kimesababishwa nacho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inahesabu kuwa ni hukumu ya haraka kuukubali ubaya wa jirani, hata moyoni tu, bila msingi wa kutosha, na mantiki inaweza kutuambia msingi huo unadai nini. Unadai kuhesabu ugomvi uliofuatwa na msiba, ugomvi ambao haukufuatwa na msiba wowote, misiba iliyozipata nyumba zisizogombana na mtu, na nyumba ambazo hazikuwa na ugomvi wala msiba. Anayenyooshea kidole huleta hesabu ya kwanza tu. Mwalimu anaweza kulichora jedwali hilo ubaoni na kuwaomba wanafunzi walijaze kwa yale wanayoyajua ya mtaa wao, bila kumtaja mtu, akianza na malaria na nimonia, ambazo huua watoto bila kuuliza wazazi wao wamegombana na nani.