Nauru na Ile Namba 1,500

Wasee, mnakumbuka ile video yangu ya nchi ndogo? Ile mlicheka sana. Sehemu ya Nauru niliisoma kama orodha ya vichekesho. Kilomita za mraba 21. Watu kama 12,000. Haina mji mkuu rasmi, ofisi za serikali ziko tu wilaya ya Yaren. Barabara kuu ni moja, inazunguka kisiwa chote, karibu kilomita 19, yaani kama kutoka tao hadi Kikuyu na umemaliza nchi. Uwanja wa ndege mmoja. Mito hakuna, maji ya kunywa ni ya mvua na ya bahari yaliyotolewa chumvi. Nikamalizia na utani, eti chifu wa kwetu ana watu wengi kuliko rais wao.

Komenti zikajaa vicheko. Poa. Lakini baada ya hapo nikaanza kusoma historia yao kidogo kidogo, usiku, kwa simu, na enyewe ule utani umekataa kunitoka kichwani. Kuna namba moja sikuiweka kwenye video. Namba yenyewe ni 1,500.

Shule yangu ya upili ilikuwa na wanafunzi karibu idadi hiyo. Mkisimama paredi Jumatatu, mnajaza uwanja, kuna wale wa nyuma hata hawaskii mwalimu mkuu akiongea. Sasa chukua hiyo paredi, useme hilo ndilo taifa zima. Hakuna wengine popote duniani wanaoongea lugha yenu. Hapo ndipo Wanauru walikuwa wanajaribu kufika, na hawakuwa wamefika.

Hebu turudi nyuma. Nauru iko Bahari ya Pasifiki, karibu kabisa na ikweta, ile ile inayopita Nanyuki. Kuanzia 1878 watu wa kisiwa walipigana wenyewe kwa wenyewe miaka kumi, na bunduki na pombe vilishaletwa na meli za wazungu. Mwaka 1888 Wajerumani wakaja wakatangaza ni chao. Watu walikuwa wamebaki kama 900 hivi.

Halafu kuna hadithi ya jiwe. Kwenye ofisi ya kampuni moja kule Sydney kulikuwa na jiwe kutoka Nauru, linazuia mlango usijifunge. Mfanyakazi mmoja, Albert Ellis, akalitilia shaka, akalipima, akakuta ni fosfeti safi sana. Fosfeti ndiyo inatengeneza mbolea. Miaka michache baadaye, uchimbaji ukaanza. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Australia ikanyakua kisiwa, na 1919 Uingereza, Australia na New Zealand zikaandikiana mkataba wa kugawana hayo mawe. Wenye kisiwa walikuwa wanalipwa makombo, na mashamba ya Australia na New Zealand yakanona.

Mwaka 1920 ikaingia homa ya mafua. Kama watu 230 wakafa. Fikiria ni paredi ile ile, na darasa tano nzima hazirudi baada ya likizo. Wakabaki elfu moja na kidogo. Mtawala wa Kiaustralia, Griffiths, akaelezwa kwamba chini ya 1,500 taifa hili litaisha. Wakakubaliana na viongozi wa kisiwa: siku tutakayofika 1,500 itakuwa sikukuu, na mtoto atakayetufikisha atapewa zawadi. Siku hiyo waliiita Angam, neno lao lenye maana kama ya kufika nyumbani.

Sasa nyinyi mnaojua mathe wa mtaani vile wanajua nani ana mimba kabla hata mwenyewe hajajua, wazieni kisiwa kizima kikihesabu hivyo. Kila mwenye tumbo anaangaliwa. Kila mzee anayekufa ni hatua moja nyuma. Walingoja zaidi ya miaka kumi. Tarehe 26 Oktoba 1932 akazaliwa msichana, wakamwita Eidagaruwo. Mtu wa 1,500.

Mimi ningependa hadithi iishe hapo. Mnajua haikuishia hapo.

Agosti 1942 Wajapani wakateka kisiwa. Mwaka uliofuata, waliokuwa na ukoma, watu 39, wakawekwa kwenye boti, wakavutwa hadi baharini, boti ikazamishwa. Na Wanauru kama 1,200 wakapakiwa melini wakapelekwa visiwa vya Truk, zaidi ya kilomita elfu moja na nusu kutoka nyumbani, wakafanye kazi. Huko kulikuwa na njaa, magonjwa na mabomu. Waliorudi walikuwa 737. Eidagaruwo hakuwa kati yao. Alifia huko, mtoto wa miaka kumi na kitu.

Meli iliyowarudisha ilitia nanga tarehe 31 Januari 1946. Wakaanza tena kuhesabu. Walifika 1,500 mara ya pili tarehe 31 Machi 1949. Watu wengine wangesema imetosha, wameze uchungu na wasahau hesabu, lakini hawa walihesabu kutoka mwanzo.

Na mnajua nini kilifuata? Miaka ya 1960 fosfeti ilikuwa imekula kisiwa vibaya. Uchimbaji ukishatoa udongo, kinachobaki ni minara ya mawe ya chokaa, mirefu, imechongoka, huwezi kulima, huwezi hata kutembea vizuri. Leo karibu asilimia 80 ya nchi iko hivyo. Australia ikasema, hameni. Kuna kisiwa pwani ya Queensland kinaitwa Curtis, tutawapa, mtakuwa Waaustralia. Wanauru wakajibu 1964 kwamba hapana, kwa sababu huko wangekuwa raia wa watu wengine, na Nauru ingebaki jina tu. Mimi nikisoma hapo nilisimama. Unapewa makao mapya, shule, hospitali, na unakataa ili ubaki kwenye mawe, kwa vile umetoka kuhesabu watu wako mmoja mmoja mara mbili.

Uhuru waliuchukua 1968, na walichagua tarehe wenyewe: 31 Januari. Siku ile meli ilirudi.

Najua kuna mtu atakuja kwenye komenti kuniambia kuhusu pesa. Ni kweli. Wakati fosfeti ilikuwa yao walitajirika ghafla, wakajenga jengo la ghorofa 52 Melbourne, wakanunua ndege, wakaweka pesa hadi kwenye tamthilia ya muziki London ambayo ilianguka vibaya sana. Pesa ikaisha. Kuanzia 2001 wakakubali Australia iweke kwao kambi ya watu wanaoomba hifadhi, na hiyo sitawatetea. Lakini pia mwaka 1989 waliishtaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa kule The Hague kwa kuharibiwa ardhi kabla ya uhuru, na 1993 Australia ikaona bora kulipa nje ya mahakama, zaidi ya dola milioni 100 za kwao. Watu wachache kuliko wakazi wa mtaa mmoja Umoja. Nani anacheka sasa?

Sijafuta ile video. Nimebandika tu komenti juu kabisa: kila tarehe 26 Oktoba Nauru wanafunga kazi, ni Angam.