Nuru na Rangi katika Picha za Kale za Ndani ya Makanisa: Tafakari kutoka Ufipa

Mwandishi wa historia ya Kanisa katika nchi yetu hujikuta mara nyingi akitegemea picha pale maandishi yanaponyamaza. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, waliacha picha nyingi, na leo zinatazamwa kwa njia ya intaneti katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Southern California. Huku Ufipa Injili ilitangulia kuletwa na Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, waliokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885. Wachungaji na wanafunzi wanaozitumia picha za enzi hiyo hawana budi kuuliza: je, giza tunaloliona katika picha lilikuwamo kanisani, au limeletwa na chombo kilichopiga picha?

1. Bamba la kioo na rangi za ibada

Mabamba ya kwanza yaliitikia nuru ya buluu na ya urujuani tu. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, huko Berlin, aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa na dawa ya bamba huliwezesha kuona pia kijani na manjano. Hata hivyo nyekundu ilibaki kama nyeusi. Mabamba yaliyoona rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906, na yalichukua miaka mingi kuenea.

Matokeo yake ni mazito kwa mwanafunzi wa liturujia. Kitambaa chekundu cha Pentekoste huonekana cheusi kama cha Ijumaa Kuu. Kitambaa cha zambarau cha Kwaresima, chenye buluu nyingi ndani yake, huweza kuonekana chepesi mno. Mtu asiyejua hayo ataandika kwamba wazee wetu waliipamba altare kwa rangi ya msiba siku ya furaha, na kosa hilo litanakiliwa na watakaomfuata.

2. Ushahidi wa jua

Jua hutusaidia pale rangi inaposhindwa. Pito, jirani na mji wa Sumbawanga, ipo karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua husimama upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 59 hivi. Mwezi Desemba husimama kusini kwa nyuzi 75 hivi, na upenu mpana huweza kulizuia lisiingie kabisa. Basi katika kanisa ambalo altare yake iko mashariki, nuru ya adhuhuri iangukayo sakafuni kutoka kushoto kwa mtu aielekeaye altare huonyesha kipindi cha kati ya mwanzo wa Machi na katikati ya Oktoba. Ikitoka kulia, ni miezi mingine.

Kwa njia hiyo, kitambaa cheusi kinachodhaniwa kuwa chekundu chaweza kupimwa. Pentekoste huwa Mei au Juni, nuru ikitoka kushoto. Sikukuu ya Matengenezo, Oktoba 31, hukuta jua limekwisha kuhamia kulia. Lakini kwanza maandishi yaliyomo katika picha yachunguzwe, kwa maana bamba likigeuzwa wakati wa kuchapa, kushoto huwa kulia. Kisha shajara za kituo na kalenda ya Kanisa zitoe neno la mwisho.

3. Nyuso za waumini

Jambo zito kuliko yote ni watu. Ngozi ya kahawia hurudisha nuru nyekundu zaidi kuliko ya buluu. Kwa hiyo bamba la kale liliifanya nyeusi kuliko macho yalivyoiona. Aidha, mpiga picha aliyepima nuru kwa kanzu nyeupe ya padre au kwa ukuta wa chokaa aliwaacha waumini kuwa vivuli. Madirisha nayo yalitoa kiwi kilichofunika nyuso zilizo karibu nayo. Mtazamaji wa Ulaya, aliyekwisha kuzoea kusikia habari za bara la giza, aliona katika picha hiyo uthibitisho wa neno alilolisikia, kumbe alikuwa akitazama upungufu wa dawa iliyopakwa juu ya kioo. Wale waliokaa katika viti vile walikuwa na sura, na wengi wao walikuwa na majina katika kitabu cha ubatizo.

Picha za rangi za miaka ya baadaye zina udhaifu wao. Nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimegeuka nyekundu kwa kuchakaa. Taa ya karabai huufanya ukuta mweupe uonekane wa manjano, na taa za mirija huutia ukijani. Usharika unaotaka kupaka upya kanisa la kale usiichague rangi kwa kutazama picha peke yake. Ukwangue kidogo ukutani, mahali pasipoonekana, ukaone tabaka la kwanza.

Hitimisho

Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese alikaribia kukosea kwa sababu ya kutazama sura ya nje. Nasi tunaweza kukosea kwa picha. Kabla ya kuandika kwamba kanisa fulani lilikuwa na giza, tulifungue daftari la usharika, tuwaulize wazee waliosali humo, nasi tuingie ndani yake saa sita mchana, tuone nuru inaingia kwa dirisha lipi.