Ndege ikiyumba angani: Hatari iko wapi, na hofu itulizwe vipi?

ABIRIA anayesafiri kwa ndege kutoka Nairobi kuelekea Isiolo hupita karibu na Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Upepo unaougonga mlima huo hupanda, kisha huteremka upande wa pili kwa mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Isitoshe, kufikia adhuhuri tambarare za Isiolo huwa zimepata joto, na hewa yake hupaa kwa nguvu. Ndege ikipenya katika mikondo hiyo hutikisika, na baadhi ya abiria hudhani kuwa mwisho wao umefika.

Hofu hiyo si ya kubezwa, hasa kaskazini mwa Kenya. Mnamo Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa ilianguka karibu na Marsabit ikiwa na ujumbe wa amani. Watu 14 kati ya 17 waliokuwemo walifariki, wakiwemo wabunge watano, miongoni mwao Dkt Bonaya Godana, aliyewahi kuwa waziri wa mashauri ya kigeni. Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Hata hivyo, ndege hiyo iligonga kilima ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Haikuvunjwa na mtikisiko. Ni nadra mno kwa ndege ya abiria kuvunjika kwa sababu hiyo. Sheria za usalama hudai mabawa yaweze kustahimili mzigo mara 1.5 ya ule mkubwa zaidi unaotarajiwa safarini, na kupinda kwake ni sehemu ya uimara huo.

Hatari halisi humkabili abiria asiyefunga mkanda. Mei 21, 2024, ndege ya Singapore Airlines kutoka London ilikumbwa na mtikisiko mkali ikipita anga ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa, baadhi yao wakirushwa hadi darini. Ndege yenyewe ilitua salama Bangkok.

Kwa hivyo, anayeogopa ana mambo kadhaa ya kufanya. Akiweza, achague ndege ya asubuhi, kabla ardhi haijapata joto, na kiti kilicho karibu na mabawa, ambako mtikisiko hupungua. Afunge mkanda muda wote aketipo, hata taa ya ilani ikizimwa. Ndege ikianza kuyumba, avute pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, alegeze mabega, wala asiung'ang'anie mkono wa kiti. Si aibu kumweleza mhudumu mapema kuwa ana hofu.

Huenda woga usiishe kwa safari moja. Lakini abiria aliyefunga mkanda tayari amejikinga na hatari kubwa ya mtikisiko; kinachobaki ni kuutuliza moyo hadi magurudumu yaguse ardhi.