Hamamu za Unguja na Maji Moto ya Bonde la Rukwa

Mwezi wa Julai mwaka 2021, UNESCO ilipoitia katika orodha ya urithi wa dunia miji 11 ya Ulaya, miongoni mwayo Bath, Vichy na Baden-Baden, kwa sababu ya chemchemi ambazo watu wa zama zilizopita walizisafiria, wakitafuta afya kwanza na starehe baadaye, mkaazi wa Sumbawanga, aliye juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,700 na ambaye jirani zake wa bondeni wanayo maji moto, alikuwa na haki ya kuuliza kama heshima hiyo ni ya Wazungu peke yao.

Sivyo hata kidogo. Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, katika kumbukumbu alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, anasimulia hamamu za jumba la baba yake la Mtoni, ambamo watu hawakukatika tangu alfajiri hadi usiku, wakiswali, wakisoma, wakilala na hata wakila humo.

Kisa kilicho kitamu zaidi ni cha Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi, aliyeolewa na Sultani huyo, Seyyid Said, akaja Unguja na wapanda farasi wapatao 150. Nguo zake zilitariziwa lulu za kweli, na mtumishi aliyeziokota zilizodondoka wakati wa kufagia hakutakiwa kuzirudisha. Lakini lililowaudhi Waarabu kuliko ubadhirifu huo ni kwamba bibi huyu alitoka kuwinda mchana kweupe pamoja na Waajemi wake, jambo waliloliona kuwa limepita mpaka wa haya. Nami naamini wivu wa majumbani ulikuwa na fungu lake katika lawama hizo. Ni kwa ajili yake Seyyid alijenga, mwaka 1850, hamamu ya Kidichi, iliyonakshiwa maua na ndege kwa mtindo wa kwao, apate buraha baada ya mawindo. Ndoa ikavunjika, Shahrazad akarejea Uajemi, na jengo likabaki.

Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akawajengea watu wa mjini hamamu ya Hamamni, iliyotumika hadi mwaka 1920.

Huko Unguja maji yalipashwa kwa tanuri. Kwetu, Maji Moto ya Mpimbwe, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipoundwa mwaka 2012, hupashwa na ardhi yenyewe, kwa kuwa katika nyufa za Bonde la Ufa maji huzama, yakapata joto la miamba, yakapanda tena. Kusini yako maporomoko ya Kalambo, yashukayo zaidi ya mita 200 mpakani mwa Zambia, na Kasanga ya ziwani, waliyoiita Wajerumani Bismarckburg. Inanisikitisha kuona neema hizi zikitajwa katika hotuba kuliko zinavyotembelewa. Halmashauri za mikoa hii miwili na zikae pamoja, ziamue ni nani atakayejenga nyumba ya kwanza ya waogaji, ni nani atakayeitunza barabara iteremkayo ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na wenyeji wa Mpimbwe watapata fungu gani katika ada ya mlangoni.