Mchanganyiko wa Tamaduni Katika Timu: Funzo la Kriketi Afrika Mashariki

Husemwa kwamba timu yenye watu wa tamaduni mbalimbali hufanya vizuri zaidi. Historia ya kriketi katika eneo letu inatutaka tulitazame dai hili kwa uangalifu.

Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza, nchini Uingereza. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wengi walikuwa wa asili ya Kiasia. Walikuwamo pia Wazungu, na Mganda John Nagenda, aliyekuwa mwandishi. Timu hiyo ilishindwa mechi zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Mchanganyiko ulikuwapo, lakini nchi hizo nne hazikuwa na ligi moja ya kuwazoeza wachezaji pamoja.

Mwaka 2003 Kenya, chini ya nahodha Steve Tikolo, ilifika nusu fainali. Ni kweli kwamba New Zealand ilikataa kuja Nairobi ikapoteza pointi; hata hivyo, Sri Lanka ilishindwa uwanjani, Collins Obuya akichukua wiketi 5. Timu hii nayo ilichanganya Waafrika na Waasia. Lakini Tikolo, Maurice Odumbe, Thomas Odoyo na Asif Karim walikuwa wamecheza pamoja katika Kombe la 1996, walipoishinda West Indies.

Kwa hiyo tunaona kwamba tofauti za utamaduni huzaa matunda pale wachezaji wanapozoeana. Wanaotamani timu za pamoja za Jumuiya yetu waanze na ligi, ndipo wateue kikosi.