Tezo ni ya Mtu, Kivuli ni cha Wote: Banda la Wachongaji wa Wamunyu



Mgeni akifika Wamunyu kwa barabara ya Machakos kwenda Kitui huingia kwanza ukumbi wa mauzo, vinyago vilikopangwa. Sisi tuliokulia hapa huanzia nyuma, kwenye mabanda, tezo zinakolia tangu asubuhi.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, babu zetu walichonga vitu vya matumizi: vijiko, na vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya. Mutisya wa Munge, mwana wa Wamunyu, alihudumu Tanganyika katika vita hivyo, akaona kazi ya wachongaji wa huko. Aliporudi alianza kuchonga vinyago vya kuuza. Ujuzi ukawafikia jamaa, kisha majirani, hadi Nairobi na Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba walianzisha ushirika wao wa Changamwe mwaka 1963. Nyumbani pia tukajiunga katika ushirika.

Majengo yetu hayana urembo. Mabanda ni nguzo na mabati, pande zikiwa wazi ili mwanga uingie na vumbi la mbao litoke. Mchongaji huketi chini, gogo likiwa kati ya miguu yake. Ukumbi wa mauzo ndio wenye kuta na kufuli, kwa kuwa humo mna jasho la kila mwanachama. Kinyago huingia kikiwa na namba ya aliyekichonga. Kikiuzwa, ushirika hukata sehemu yake, na fedha zinazobaki ni za mwenye namba. Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu mjini tunajua thamani ya utaratibu huo: mzee asiyejua kusoma hawezi kupunjwa kirahisi.

Lakini mpingo na muhugu vimeadimika, na wachongaji wamegeukia mwarobaini na mwembe, miti tunayoweza kuipanda wenyewe. Vijana nao hawatakaa kujifunza mahali panapovuja.

Kwa hiyo mwaka huu tunachangia mambo mawili: mabati ya banda la wanaojifunza, na miche ya mwarobaini. Mwethya tuliorithi haumuulizi mtu ana kiasi gani. Humuuliza atakuja siku gani. Karibuni tuezeke pamoja.